Mshika Kitabu

Kama ni kumwamini Mama Redio, jirani wa mlango wa tatu, basi yule kijana wa chuo kikuu alikuwa ameshaingiwa na pepo. Alisema alikuwa anaanika nguo zake, saa saba mchana, jua la utosi, akili zake zote anazo, akasikia sauti inatoka dirishani kwa jirani. Akachungulia. Si kwa umbea, alisema, kwa ujirani tu. Akamwona kijana amefumba macho mbele ya meza tupu, anaipiga kwa kiganja, pwaa, pa-pa, pwaa, pa-pa, na kinywani yanamtoka maneno ambayo si ya baba yake wala ya mama yake. Ghafla akanyamaza. Akajishika kichwa. Akasema, "Hapana, hapana, si hivyo," kama mtu aliyekaripiwa, kisha akaanza upya. "Na haki ya Mungu," Mama Redio alimalizia, "meza ilimwitikia."

Kufika jioni, habari ilikuwa imezunguka ua mzima na kurudi ilikotoka ikiwa imenenepa. Sasa meza ilikuwa imetembea.

Aliyefuatwa kuulizwa ni Macho, mdogo wake yule kijana, alipokuwa anateka maji bombani.

"Kaka yako ana nini, mwanangu? Usinifiche, mimi ni kama mama yako."

"Hana kitu, mama. Anajifunza Kigiriki."

"Kigiriki? Kwani anasafiri?"

"Hasafiri. Ni kile cha zamani. Waliokuwa wakikisema hivyo walikufa miaka elfu mbili na zaidi."

Mama Redio akapiga makofi, akageuka huku na huku akitafuta shahidi. "Si ndicho nilichosema! Anaongea na wafu!"

Macho akajitwika ndoo yake, akaenda. Ukilitazama vizuri, aliwaza, jirani hakuwa mbali sana na ukweli.

Jina la Macho hakupewa nyumbani. Alipewa kwa dobi, alikofanya kazi tangu alipomaliza shule ya msingi, kwa sababu alikuwa akiliona doa kabla nguo haijakunjuliwa. Hakuwa msemaji. Mama Dobi, mwenye kazi, alikuwa akisema binti huyu ukimwuliza jambo leo atakujibu kesho, ila jibu lenyewe hulirudishi dukani.

Kule kwa dobi kulikuwa na utaratibu usiovunjwa. Furushi halikutoka mpaka limepitiwa na watu wawili. Mmoja anazishika nguo na kuzitaja: shati jeupe, mikono mirefu, suruali ya kijivu, shuka, shuka, foronya. Wa pili ameshika karatasi, na macho yake hayabanduki kwenye karatasi. Haruhusiwi kuitazama nguo. Haruhusiwi kumtazama usoni anayetaja. "Ukimtazama usoni utamwamini," Mama Dobi alikuwa akisema, "na ukishamwamini, shuka la watu limepotea." Kitu kikirukwa, unagonga meza kwa kibanio cha nguo. Husemi neno, husemi pole. Unagonga tu, na anayetaja anarudi mwanzo wa furushi. Macho alikuwa ameshika karatasi kwa miaka sita, na kwa miaka sita hakuna foronya iliyompita.

Ndiyo maana kaka yake alipopata shida, alimjia yeye.

Alikuwa mwaka wa mwisho katika idara ya lugha za kale: Kigiriki cha wale wafu wa Mama Redio, na Kilatini cha Warumi. Idara yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya maktaba, profesa mmoja, wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza, na mmoja tu wa kumaliza, naye ni yeye. Profesa waliyemwita Kobe, kwa mwendo wake na kwa mkoba wa vitabu usiomtoka mgongoni, alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa wa kwake. Kabla hajamtia mtu saini ya kumaliza, humsimamisha mikono mitupu mbele ya mtahini aliyetoka chuo kingine, atoe kwa ghibu mistari mia mbili ya shairi la kale la Kigiriki, kwa mapigo yake. Pembeni anakaa mshika kitabu, ambaye mtahiniwa anakuja naye mwenyewe. Neno likienda upogo, mshika kitabu anagonga. Ukigongewa mara moja, husemwi. Mara mbili, husemwi. Mara ya tatu unaishia hapo hapo, unakwenda nyumbani, unarudi baada ya miezi sita.

Na miezi sita kaka yake hakuwa nayo. Nafasi ya msaidizi wa profesa ilikuwa wazi muhula unaofuata, na ingepewa mtu mwenye shahada yake mkononi. Aliitaka nafasi ile kama mtu anavyotaka hewa.

"Sasa mbona mimi?" Macho aliuliza.

"Nimchukue nani? Wale wa mwaka wa kwanza wanasoma herufi moja kwa kikombe kizima cha chai."

"Mimi nimeishia shule ya msingi, kaka."

"Wagiriki wenyewe wengi hawakufika hata huko. Kaa."

Akakaa. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na kila jioni akitoka kazini, walikaa kwenye meza ile iliyosingiziwa kutembea. Herufi zile alizipokea jinsi alivyozipokea nguo za watu, kwa alama zake. Hii ni kama kitundikio cha nguo. Hii ni kifungo kilichopitishwa uzi. Hii ni mabeseni mawili yaliyobananishwa. Nyingine zilikuwa na ujanja: zimevaa sura ya herufi anazozijua, ukizigusa zinatoa sauti nyingine kabisa. Hizo alizikariri kwa hasira. Juu ya maneno kulikuwa na vialama vidogo kama vumbi la chaki, na mara ya kwanza alijaribu kuvipangusa kwa kidole. Kaka yake alicheka mpaka akashika ubavu.

Kisha yakaja mapigo. Pigo refu, mafupi mawili. Refu, mafupi mawili. Sita kwa mstari, na la mwisho limekatwa mkia. Mara nyingine mafupi mawili yanaunganishwa kuwa refu moja, na hapo mstari unakuwa mzito kama blanketi lililolowa. Kiganja cha kaka kilipiga meza, na Macho akafuata kwa ncha ya kidole. Juma la tatu aliweza kumfuata bila kupotea. Juma la tano aliweza kumsubiri mbele.

Maana hakuuliza. Anayeshika karatasi hana haja ya kujua shati ni la nani na linakwenda harusini au matangani. Kilichomshughulisha ni huyu kaka yake. Kijana aliyekuwa akipoteza funguo, miavuli na viatu vyake mwenyewe, akifumba macho alikuwa na mistari mia mbili imepangwa kichwani kama shuka kabatini, kila moja mahali pake. Akikosea alirudi nyuma bila kununa. Akipatia hakujisifu, aliendelea tu, na uso ukamng'aa taratibu kama pasi inayoshika moto. Macho alimtazama wakati wa mapumziko tu, maana kazini hatazami, na alipomtazama alijisikia fahari ambayo hakuwa na pa kuiweka.

"Haya yote yalitufikiaje?" alimwuliza siku moja. "Ikiwa wenyewe wamekufa?"

"Kwanza kwa mdomo. Watu waliimba kabla hayajaandikwa, ndiyo maana Profesa hataki tusome, anataka tutoe kichwani. Halafu kwa mkono. Mtu anakaa na kitabu kikuukuu, anatazama, anaandika, anatazama, anaandika. Kikioza hicho, mwingine amekwisha kunakili. Miaka elfu na zaidi, wanapokezana watu wasiojuana."

"Na mmoja akichoka?"

"Anaruka. Jicho linatoka kwenye neno, likirudi linatua kwenye neno linalofanana nalo huko chini. Yaliyo katikati yanapotea. Yanaweza kupotea moja kwa moja, asipotokea mtu mwenye nakala nyingine."

Macho akafikiri sana. "Walikosa mtu wa kushika karatasi," alisema.

Kuhusu Warumi alipewa jambo moja tu la kwenda nalo kazini, nalo lilitosha. Kaka alimwambia kwamba madobi wa Kirumi walifua nguo kwa kuzikanyaga kwenye mabeseni, na ndani ya mabeseni, badala ya sabuni, kulikuwa na mikojo ya watu iliyokusanywa. Macho alilipeleka kama alivyopewa. Mama Dobi alisimama na pasi hewani.

"Mikojo?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Mashati meupe?"

"Meupe hasa, ati."

"Basi ndiyo maana walikwisha," alisema Mama Dobi, akaendelea kupiga pasi. Lakini baadaye kidogo aliuliza kama walikuwa na wanga, na walikunja vipi kola.

Ikafika Ijumaa ya mtihani. Asubuhi mama yao alimvuta Macho nyuma ya mlango, akamnyoosha ukosi wa gauni ambao ulikuwa umenyooka tayari.

"Mwanangu, leo mkono wako uwe mzito."

"Mzito vipi, mama?"

"Unanielewa. Yule ni kaka yako. Meza isipogongwa, haitakwenda kushitaki."

Macho hakujibu. Mama alilichukua lile jibu kuwa ndiyo, maana ndivyo alivyozoea.

Chumba cha mtihani kilikuwa na madirisha marefu, rafu za vitabu hadi darini, na kichwa cha mtu cha plasta kilichovunjika pua. Mapazia, Macho aliona mara moja, hayakuwahi kufuliwa tangu yatundikwe. Mtahini mgeni alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo na kalamu iliyochongwa kwa ukali. Profesa Kobe alikuwa ameutua mkoba wake miguuni, na bila mkoba alionekana mdogo, kama mtu aliyevua koti.

"Shikamoo, mwalimu," Macho alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mshika kitabu? Uko mwaka wa ngapi?"

"Sisomi, mwalimu. Napiga pasi."

Mtahini mgeni akainua miwani. Profesa alifungua kitabu mahali popote, mbali kabisa na ile mistari mia mbili, akaweka kidole. Macho akainama, akasoma mstari mmoja kwa sauti, polepole, kwa mapigo yake, na wa pili.

"Unaelewa unachokisoma?" mtahini aliuliza.

"Sielewi, mama. Nafuata."

"Walikuwepo wanakili wa namna hiyo," alisema Profesa Kobe, "na hao pia tuna deni la kuwashukuru." Akampa penseli ya kugongea kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni maji.

Kaka yake akasimama katikati ya chumba. Mikono haikujua pa kwenda, ikashuka mapajani. Akafumba macho, akaanza.

Mistari ishirini ya kwanza ilipita kama mwenda kwa miguu asiyetaka kuchafua viatu. Wa thelathini na moja, alibadilisha neno. Macho akagonga. Kaka akashtuka, akasahihisha, akaendelea, na kuanzia hapo sauti ikafunguka. Ilikuwa si sauti ya mezani nyumbani. Chumba kile kilikuwa kimeisubiri. Mapigo yakaanza kuviringika, refu, mafupi mawili, refu, mafupi mawili, mpaka Macho akahisi kiti kinapumua chini yake. Wa tisini na nne, aligeuza maneno mawili, la nyuma akaliweka mbele. Macho akagonga. Mara ya pili.

Wa mia. Wa mia na ishirini. Mtahini mgeni alikuwa ameiweka kalamu chini. Profesa alikuwa ameegemea nyuma, macho amefumba, kidevu juu. Wakafika sehemu ambayo mstari mmoja unajirudia, kila baada ya mistari michache unarudi ule ule kama pigo la mlango. Kaka yake aliutoa mara ya kwanza. Kidole cha Macho kikashuka mstari unaofuata, kikangoja.

Neno lililotoka halikuwa la hapo.

Lilikuwa la mistari sita chini. Kaka alikuwa ametoka kwenye mstari unaojirudia mara ya kwanza, akatua kwenye ule wa mara ya pili, akaendelea mbele bila hata kukwaa. Mapigo hayakuvunjika. Ilikuwa kama nguo iliyokunjwa vizuri juu ya tundu. Hakuna aliyejikohoza. Mtahini alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo kwa raha.

Macho akashika penseli. Akakumbuka miezi sita. Akakumbuka ukosi wa gauni na mkono wa mama. Na hapo akafanya lile ambalo kwa miaka sita hakuwahi kulifanya: aliyabandua macho kitabuni, akamtazama usoni anayetaja.

Kaka yake alikuwa anang'aa. Jasho limempamba paji, midomo inakwenda bila woga, na hakuwa na habari kabisa. Ungemtazama ungesema haiwezekani mtu wa namna ile awe ameacha kitu. Macho alimwamini. Kwa muda wa mstari mzima, alimwamini.

Kisha akarudisha macho kitabuni, na ile mistari sita ilikuwa pale pale, imekaa, haijasemwa na mtu.

Akagonga.

Sauti ya kaka ikakatika. "Wapi?" Alifumbua macho, na hayakuwa macho ya mtahiniwa tena, yalikuwa ya nyumbani. "We, nimekosea wapi? Sijakosea!"

"Mwonyeshe," alisema Profesa Kobe bila kufumbua macho.

Macho akaisoma ile mistari sita. Akafika kwenye ule unaojirudia, akaweka kidole hapo. Kaka yake alikuwa ameanza kukunja uso kwenye mstari wa kwanza. Kufika wa nne aliuziba mdomo kwa kiganja.

"Mshipi," alisema Profesa.

"Hapa mama anafungua sanduku," aliendelea, na alikuwa anamwambia Macho, si mwingine. "Mwanawe anakwenda vitani. Anamtolea vazi moja moja, na kila vazi akishampa mkononi, mstari ule unarudi. Kwanza bamba la kifua. Halafu mshipi. Halafu kofia ya chuma. Kaka yako ametoka kwenye bamba akaenda kwenye kofia. Kijana wa watu amepelekwa vitani bila mshipi."

"Mimi sikusikia pengo lolote," alisema mtahini mgeni taratibu.

"Mimi nilisikia. Nilinyamaza nione kama yeye atagonga." Sasa alifumbua macho. "Ipo nakala moja ya mkono ambayo mwandishi wake aliruka hapo hapo. Watu walikwenda nayo vizazi, na mshipi haumo."

Akalipangusa goti lake lisilo na vumbi. Ilionekana wazi kwamba kilichofuata hakukipenda. "Mara tatu," alimwambia kaka. "Utarudi baada ya miezi sita, mwanangu. Ulikuwa unakwenda vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsimamisha hapa. Ndiyo maana ulimi ulijiamini."

Walipokuwa wanatoka, Profesa alisimama, jambo lililomchukua muda, akampa Macho mkono. "Miaka thelathini," alisema, "sijaona kitabu kikishikwa hivi." Macho alisema mapazia yale yakipelekwa kwa dobi yatarudi meupe.

Kurudi nyumbani kaka alitangulia mbele hatua kumi, na hatua kumi hazikupungua hadi mlangoni. Mama alipoambiwa alikaa chini.

"Umemfunga kaka yako kwa penseli," alisema. "Penseli!"

"Mama, aliruka."

"Nani aliona? Niambie, nani mwingine aliona?"

"Profesa alisikia."

"Si alinyamaza? Profesa mzima kanyamaza, wewe unagonga!"

Mama Redio hakukosekana. Alikuja kuazima chumvi, akaondoka na habari, na jioni ile ua mzima ulijua kwamba wafu wamekasirika na wamemtumia dada mtu.

Nafasi ya msaidizi akapewa mtu wa chuo kingine, kwa mwaka mmoja. Kaka alipokea barua, akaikunja, akaitia kitabuni. Mezani hakukaa tena. Alisomea chumbani, mlango umefungwa, bila kupiga chochote, na wakipishana na Macho uani alimpa salamu ya mtu unayekutana naye benki. Siku kumi na sita Macho alizihesabu bila kutaka.

Mama Dobi alimwuliza mambo mawili tu. "Ulimtazama usoni?"

"Nilimtazama."

"Na ukagonga?"

"Nikagonga."

Mama Dobi akakunja shuka lake hadi mwisho, pembe kwa pembe. "Leo karatasi zote ushike wewe," alisema.

Lakini kilichomnyima Macho raha hakikuwa mama, wala Mama Redio, wala hata ule mlango uliofungwa. Kilikuwa mshipi. Alikuwa anapiga pasi suruali za watu, na kila akipitisha pasi kiunoni mshipi unamjia. Ulikuwa wa ngozi au wa kitambaa? Mama yule aliushona mwenyewe au aliununua? Mstari unaojirudia alikuwa anausema nani? Majuma matano alikuwa amempitisha mwanamke yule chini ya kidole chake kila siku, sanduku lake liko wazi, na hakumwuliza hata habari. Ni kama kukaa ua mmoja na mtu na kila asubuhi kumpita bila salamu. Mistari sita ile aliijua sasa kwa ghibu, mapigo na vialama vyake vyote. Aliitaja kimoyomoyo juu ya mvuke wa pasi, na haikumwambia kitu.

Jumapili ya tatu baada ya mtihani, mama alikuwa ametoka, Macho alikuwa mezani anachagua mchele. Mlango wa chumba ukafunguka. Kaka akaja na kitabu, akasimama, akavuta kiti, akakaa upande wake wa zamani.

"Nimefika pale mara arobaini," alisema. "Kila nikifika, ulimi unaruka. Nikiwa peke yangu sisikii kama umeruka. Nafika mwisho nimefurahi, nahesabu, mistari imepungua sita."

Macho akatoa jiwe dogo kwenye mchele.

"Profesa ameniuliza kama utakuja tena. Nikamwambia sijakuuliza. Akasema basi niende nikaulize, kisha nirudi tuongee mengine." Akajikuna shingo. "Nilikukasirikia."

"Nilijua. Si ulikuwa unanisalimia kama karani?"

Akataka kucheka, akajizuia. "Ungekuwa umekosea ningekusamehe siku ile ile. Ulipatia, ndiyo maana ikanichukua muda." Akakisukuma kitabu mezani, taratibu, mpaka kikagusa ungo. "Utanishikia?"

Macho akausogeza ungo pembeni. Akajifuta vumbi la mchele mikononi, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya kabla ya kugusa nguo nyeupe. Akakichukua kitabu. Hakuhitaji kutafuta ukurasa. Kilijifungua chenyewe pale pale. Lakini hakuweka kidole. Akakigeuza, akakisukuma kikarudi kwa kaka yake.

"Nitashika," alisema. "Miezi yote sita nitashika, na nikisikia umeruka nitagonga, hilo ulijue kabisa. Ila leo usinitolee kwa ghibu. Leo nisomee wewe, kwa lugha yetu, hapa kwa huyu mama. Usikimbie. Anza anapofungua sanduku. Uniambie mshipi ulikuwa wa nini, nani aliushona, na anamwambia nini mwanawe anapompa. Nataka kumsikia. Nisomee, kaka."

Kaka yake akainamia ukurasa. Akaweka kidole kwenye mstari, akakishusha, akakipandisha tena. Midomo ikafunguka, ikabaki hivyo, inatafuta neno la kwanza kwa lugha yetu.